Aliyeumwa na Nyoka: Pietro Nenni na Siasa za Muungano nchini Italia, 1911–1980

Utangulizi

Pietro Nenni alifungwa gerezani mwaka 1911 kwa kupinga vita vya kikoloni, na alifariki tarehe 1 Januari 1980 akiwa seneta wa maisha. Kati ya tarehe hizo mbili alikuwa mwandishi wa habari, askari, mkimbizi, kamisaa wa kisiasa katika vita vya Hispania, mfungwa, kiongozi wa chama, naibu waziri mkuu na, mara mbili, waziri wa mambo ya nje. Ni wanasiasa wachache wa Ulaya waliokaa ndani ya uwanja wa siasa kwa muda mrefu kiasi hicho.

Hata hivyo, anayeisoma historia yake kwa haraka anaweza kumwona kigeugeu. Alianza na wanajamhuri akaishia na Wasoshalisti. Aliunga mkono Italia kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza ilhali alikuwa amefungwa kwa kupinga vita vya Libya. Alishirikiana na Wakomunisti kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha akaachana nao na kuingia serikalini pamoja na chama cha Demokrasia ya Kikristo, chama kilekile alichokuwa amepambana nacho. Je, kuna uzi wowote unaoyaunganisha mageuzi haya yote?

Katika insha hii ninadai kwamba uzi huo upo, na kwamba chanzo chake ni mwaka 1922, pale demokrasia ya Italia ilipoanguka mikononi mwa Mussolini huku vyama vya wafanyakazi vikigombana vyenyewe kwa vyenyewe. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nenni aliumwa mwaka huo. Tangu hapo kila alipokabiliwa na uamuzi wa nani ashirikiane naye, swali lake la kwanza lilikuwa hili: je, tunarudi kule? Nitajaribu kuonyesha kwamba hofu hiyo ilimwongoza vizuri katika nyakati fulani na ikamfumba macho katika nyingine, na kwamba gharama yake ililipwa zaidi na chama kuliko na kiongozi mwenyewe.

Jambo moja kuhusu istilahi. Ninatumia neno "usoshalisti" badala ya "ujamaa" kwa makusudi, kwa sababu msomaji wa Kiswahili akisikia ujamaa humkumbuka Mwalimu Nyerere na Azimio la Arusha, na mambo hayo mawili yana historia tofauti.

Kijana wa Romagna

Nenni alizaliwa tarehe 9 Februari 1891 katika mji wa Faenza, mkoa wa Romagna, kaskazini mwa Italia. Familia yake ilikuwa maskini. Baba yake alifariki Pietro akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake akamwingiza katika nyumba ya kulelea mayatima. Romagna ilikuwa imetawaliwa na Papa hadi katikati ya karne ya 19, na kwa sababu hiyo watu wake wengi hawakuwapenda makasisi wala mfalme. Huko siasa ilikuwa kazi ya wanajamhuri, Wasoshalisti na waanakia, na kijana Nenni alijiunga na wanajamhuri. Alipokuwa na umri wa chini ya miaka ishirini alikuwa tayari anahariri gazeti dogo la chama chake mjini Forlì.

Mwaka 1911 serikali ya Giovanni Giolitti iliivamia Libya, iliyokuwa jimbo la dola ya Waturuki. Kwa sisi tunaosoma historia ya Afrika, vita hivyo vina umuhimu wa pekee: ndivyo vita vya kwanza duniani ambapo rubani aliangusha mabomu kutoka kwenye ndege juu ya watu walioko ardhini. Nchini Italia kwenyewe uliitishwa mgomo mkuu wa kupinga uvamizi huo. Mjini Forlì mgomo uliambatana na vurugu, na viongozi wake wawili wakakamatwa na kufungwa. Mmoja alikuwa Nenni. Mwingine, aliyemzidi kwa miaka minane, alikuwa kiongozi wa Wasoshalisti wa mji huo, Benito Mussolini. Vijana hao wawili wa Romagna walijuana gerezani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Nenni, sawa na wanajamhuri wengi, aliona kwamba kupigana na Austria ni kumalizia kazi ya kuikomboa na kuiunganisha Italia. Akajitolea kuwa askari. Mussolini naye alikihama Chama cha Kisoshalisti na kuunga mkono vita. Mwaka 1919 Nenni alikuwa miongoni mwa walioanzisha tawi la kwanza la harakati za kifashisti mjini Bologna. Ni kweli kwamba ufashisti wa miezi ile ya mwanzo ulikuwa bado unadai jamhuri na saa nane za kazi kwa siku, na ni kweli pia kwamba Nenni aliondoka upesi. Lakini naona ni kosa kukipita kipindi hiki kimyakimya, kama wafuasi wake wengine walivyopenda kufanya. Mtu aliyekuwa karibu na mlango wa ufashisti aliujua kwa namna ambayo wengine hawakuujua, na pengine ndiyo sababu aliuogopa kuliko wengi.

Kuumwa: 1919 hadi 1922

Katika uchaguzi wa Novemba 1919 Chama cha Kisoshalisti kilipata viti 156 kati ya 508, kikawa chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Mwaka uliofuata wafanyakazi waliviteka viwanda vya Milano na Torino. Kwa mtu wa nje, nguvu ilikuwa upande wa kushoto. Ndani ya chama hali ilikuwa nyingine. Kundi la Filippo Turati lilitaka mageuzi ya hatua kwa hatua kupitia bunge. Kundi kubwa zaidi lilihubiri mapinduzi bila kuyaandaa. Kundi la tatu lilitaka kufuata mfano wa Urusi, na Januari 1921 katika mkutano mkuu wa Livorno likajitenga na kuunda Chama cha Kikomunisti.

Wakati huohuo vikosi vya mafashisti vilikuwa vinachoma moto ofisi za vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na magazeti. Machi 1921 walishambulia ofisi za Avanti!, gazeti la Wasoshalisti, mjini Milano. Nenni alikuwa miongoni mwa waliolitetea, na mwaka huohuo akajiunga na Chama cha Kisoshalisti. Wakati wengi walikuwa wanaanza kukikimbia chama hicho, yeye alikuwa anaingia.

Mwanzoni mwa Oktoba 1922 Wasoshalisti walimfukuza Turati na wenzake. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 28 Oktoba, mafashisti waliandamana kuelekea Roma na mfalme akamwita Mussolini kuunda serikali. Tusisahau kwamba katika bunge lililochaguliwa mwaka 1921 mafashisti walikuwa na wabunge 35 tu kati ya 535. Wasoshalisti peke yao walikuwa 123, na chama cha Wakatoliki kilikuwa na zaidi ya mia moja. Kwa hesabu hiyo, Mussolini hakufika madarakani kwa wingi wa watu wake bungeni. Alifika kwa sababu mfalme, wenye mali na wanasiasa wakongwe walimfungulia mlango, na kwa sababu wale ambao wangeweza kuufunga walikuwa wanagombana nyuma yake.

Huo ndio ufafanuzi ambao Nenni mwenyewe aliutoa katika kitabu chake Storia di quattro anni cha mwaka 1926, kinachoeleza mgogoro wa Wasoshalisti kati ya 1919 na 1922. Kitabu hicho, kwa maoni yangu, ndicho ufunguo wa maisha yake yote ya kisiasa. Kuanzia hapo umoja wa wafanyakazi haukuwa kwake suala la nadharia bali la kuokoka.

Lakini hakutaka umoja wa aina yoyote. Mwaka 1923 uongozi wa kimataifa wa Wakomunisti mjini Moscow ulitaka Wasoshalisti wa Italia wajiunge na Chama cha Kikomunisti na kuwa kitu kimoja. Nenni aliongoza upinzani dhidi ya mpango huo na akashinda, kisha akawa mhariri wa Avanti! Kwa hiyo tangu mwanzo alikuwa na kanuni mbili zinazovutana: tusitengane, na tusimezwe. Maisha yake ya baadaye ni historia ya mvutano huo.

Uhamishoni

Juni 1924 mafashisti walimuua Giacomo Matteotti, kiongozi wa Wasoshalisti wa kundi la Turati. Nenni aliandika kijitabu kuhusu mauaji hayo, akafungwa. Mwishoni mwa 1926 vyama vyote vya upinzani vilipigwa marufuku, naye akakimbilia Ufaransa.

Mjini Paris alianza kuokota vipande. Mwaka 1930 makundi mawili ya Wasoshalisti, lake na la Turati, yaliungana tena. Kisha ukaja mwaka 1933. Nchini Ujerumani Wakomunisti na Wasoshalisti waliokuwa wanatukanana hadi siku za mwisho walijikuta katika magereza yaleyale ya Hitler. Kwa Nenni hayo yalikuwa marudio ya mambo aliyoyaona Italia. Agosti 1934 alitia saini mkataba wa umoja wa vitendo na Wakomunisti wa Italia, ambao kila chama kilibaki na uongozi wake na itikadi yake. Hapa naona kanuni zake mbili zikifanya kazi pamoja kwa usawa kuliko wakati mwingine wowote.

Mkataba huo ulizaa matunda. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Wasoshalisti na Wakomunisti walioko uhamishoni waliipinga vita hiyo kwa pamoja. Mwaka uliofuata wengi wao walikwenda Hispania kuitetea jamhuri dhidi ya Jenerali Franco. Nenni alikuwa kamisaa wa kisiasa katika Brigedi za Kimataifa. Machi 1937, katika mapigano ya Guadalajara, Waitalia wa kikosi cha Garibaldi walipigana uso kwa uso na Waitalia waliotumwa na Mussolini, na askari wa Mussolini wakashindwa.

Agosti 1939 Stalin alitia saini mkataba na Hitler. Wakomunisti waliutetea, na Nenni, aliyejulikana kama mtetezi mkuu wa ushirikiano nao, akapoteza uongozi wa chama chake. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kuliko yote. Wajerumani waliiteka Ufaransa. Mkwewe, Henri Daubeuf, alipigwa risasi na Wajerumani mwaka 1942. Binti yake Vittoria, mke wa Daubeuf, alipelekwa Auschwitz Januari 1943 pamoja na wanawake wengine zaidi ya mia mbili kutoka Ufaransa, na akafia huko Julai mwaka huohuo. Baba yake hakupata habari za hakika hadi mwaka 1945.

Nenni mwenyewe alikamatwa mwanzoni mwa 1943, akakabidhiwa kwa serikali ya Italia na kuwekwa kizuizini katika kisiwa cha Ponza. Tarehe 25 Julai Mussolini alipinduliwa na watu wake mwenyewe. Siku chache baadaye aliletwa Ponza akiwa mfungwa, katika kisiwa hichohicho, akawekwa katika nyumba ambayo awali alikuwa amezuiliwa Ras Imru wa Ethiopia. Nenni alimwona kwa mbali na akaandika habari hiyo katika shajara yake. Miaka thelathini na miwili ilikuwa imepita tangu wafungwe pamoja Forlì. Baada ya siku chache Mussolini alihamishwa, na Nenni akaachiwa huru.

Jamhuri na makosa ya 1948

Kipindi cha 1943 hadi 1946 kilikuwa kilele cha Nenni. Aliongoza chama kilichoungana upya, akawa naibu waziri mkuu na waziri wa maandalizi ya Bunge la Katiba. Yeye ndiye aliyeisukuma kura ya maoni kuhusu ufalme kwa kaulimbiu iliyoenea nchi nzima: ama jamhuri, ama vurugu. Tarehe 2 Juni 1946 Waitalia, wanawake wakiwemo kwa mara ya kwanza katika kura ya kitaifa, walichagua jamhuri kwa takriban kura milioni 12.7 dhidi ya milioni 10.7. Siku hiyohiyo, katika uchaguzi wa Bunge la Katiba, chama chake kilipata asilimia 20.7 na viti 115, kikawatangulia Wakomunisti waliopata asilimia 18.9. Kijana aliyelelewa katika nyumba ya mayatima kwenye mkoa uliomchukia mfalme alikuwa amesaidia kumwondoa mfalme.

Miaka miwili baadaye karibu yote yalikuwa yameharibika. Januari 1947 Giuseppe Saragat, aliyeona kwamba Nenni anakipeleka chama mikononi mwa Wakomunisti, alijitenga na kuondoka na takriban wabunge 50 kati ya wale 115. Nenni hakurudi nyuma. Katika uchaguzi wa Aprili 1948 aliamua Wasoshalisti na Wakomunisti wasimame katika orodha moja. Matokeo yalikuwa pigo: orodha hiyo ilipata asilimia 31, wakati Demokrasia ya Kikristo ilipata asilimia 48.5. Zaidi ya hapo, wengi wa wabunge waliochaguliwa katika orodha hiyo ya pamoja walikuwa Wakomunisti, ambao walijua kuwapanga wapiga kura wao vizuri zaidi.

Kwa nini mtu aliyekataa kumezwa mwaka 1923 alikubali kukaribia kumezwa mwaka 1948? Vita baridi vina sehemu yake, na fedha na mashinikizo ya nje kwa pande zote mbili vina sehemu yake. Lakini naona sababu kubwa zaidi ni kovu. Wakati Waziri Mkuu Alcide De Gasperi alipowaondoa Wasoshalisti na Wakomunisti serikalini Mei 1947, Nenni alitazama akaona 1922 ikirudi: Kanisa, wenye mali na wahafidhina wakikusanyika dhidi ya wafanyakazi. Akarudia dawa ileile ya umoja. Tatizo ni kwamba De Gasperi hakuwa Mussolini. Alikuwa mhafidhina, lakini aliiheshimu katiba, na yeye mwenyewe alikuwa amefungwa na mafashisti. Huu ulikuwa unyasi, na Nenni aliupiga fimbo kama nyoka. Kwa miaka minane iliyofuata Wasoshalisti walibaki kivuli cha Wakomunisti, na Nenni akapokea Tuzo ya Amani ya Stalin.

1956 na safari ya kuelekea serikalini

Mwaka 1956 ulibadilisha mambo. Khrushchev alipofichua maovu ya Stalin, viongozi wengi wa Kikomunisti walisema kosa lilikuwa la mtu mmoja. Nenni aliandika katika Avanti! kwamba kosa lilikuwa la mfumo wenyewe wa utawala usio na uhuru. Novemba mwaka huo vifaru vya Urusi viliingia Budapest. Nenni alilaani uvamizi huo, fedha za Tuzo ya Stalin akazitoa kwa Msalaba Mwekundu, na mkataba na Wakomunisti ukafa. Wakati wa kiangazi alikuwa tayari amekutana na Saragat huko Pralognan, Ufaransa, kujadili upatanisho.

Wako wanaosema alichelewa, nami nakubaliana nao. Lakini alipobadilika hakujificha nyuma ya maneno.

Kisha kukatokea jambo lililomrudisha kwenye hofu yake ya zamani. Mwaka 1960 Fernando Tambroni wa Demokrasia ya Kikristo aliunda serikali iliyotegemea kura za chama cha warithi wa ufashisti. Maandamano yalianzia Genova yakasambaa nchini, na tarehe 7 Julai polisi waliwaua waandamanaji watano huko Reggio Emilia. Serikali hiyo ikaanguka. Nenni alipata hitimisho jipya: njia ya kuzuia 1922 isirudi haikuwa tena kuungana na Wakomunisti, bali kuwavuta Wakristo wa mrengo wa kati waje kushoto kabla hawajavutwa kulia.

Safari hii mazao yalionekana hata kabla Wasoshalisti hawajaingia rasmi serikalini. Mwaka 1962 serikali ya Amintore Fanfani, ikisaidiwa na Wasoshalisti bungeni, ilitaifisha umeme na kuunda shirika la ENEL. Mwaka huohuo ilipitisha sheria ya shule moja ya kati kwa watoto wote hadi umri wa miaka 14, badala ya mfumo uliowatenga mapema watoto wa maskini na wa matajiri. Naiona sheria hiyo ya shule kuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za mapinduzi. Desemba 1963 Aldo Moro aliunda serikali ya kwanza yenye mawaziri wa Kisoshalisti tangu 1947, na Nenni, akiwa na miaka 72, akawa naibu wake.

1964: unyasi au nyoka?

Muungano huo nao ulikuwa na bei. Wabunge 25 wa Kisoshalisti walikataa kuiunga mkono serikali ya Moro, na Januari 1964 walijitenga na kuunda chama chao. Hivyo mwaka 1947 Nenni alipoteza upande wa kulia wa chama kwa kuwa karibu na Wakomunisti, na mwaka 1964 akapoteza upande wa kushoto kwa kuwaacha.

Juni 1964 serikali ilianguka kwa sababu ya suala la fedha za serikali kwa shule binafsi. Mazungumzo ya kuunda serikali mpya yalikuwa marefu, na Demokrasia ya Kikristo ikataka mageuzi yapunguzwe makali, hasa yale ya ardhi ya mijini. Nenni akakubali. Mwezi Julai alieleza katika Avanti! kwamba pengine jambo ambalo lingefuata ni serikali ya dharura ya mrengo wa kulia, mbaya kuliko ile ya Julai 1960. Alizungumzia pia mlio wa panga uliosikika nyuma ya pazia. Wengi walimwona mzee anayetafuta kisingizio cha kubaki kwenye kiti.

Mwaka 1967 jarida la L'Espresso lilifichua kwamba katika kiangazi kile Jenerali Giovanni De Lorenzo, mkuu wa jeshi la Carabinieri, alikuwa ameandaa mpango wa kuteka sehemu muhimu za nchi na kuwakamata wanasiasa na viongozi wa wafanyakazi walioorodheshwa. Wanahistoria bado wanabishana kama mpango huo ulikusudiwa kutekelezwa au ulikuwa wa kutishia tu. Kwa hoja yangu tofauti hiyo haibadilishi sana. Ikiwa ulikuwa wa kutishia, ulimtisha mtu aliyekuwa mwepesi wa kutishika, kwa sababu alishaona mara moja nchi ikitekwa huku watu wakidhani ni mchezo. Katika unyasi wa 1964 kulikuwa na kitu. Hata hivyo matokeo yalikuwa kwamba Wasoshalisti walibaki serikalini wakiwa na programu iliyopunguzwa, na mageuzi ya mipango miji hayakupata nguvu yaliyotarajiwa.

Nenni alikuwa amezungumzia kuingia katika "chumba cha vitufe", yaani mahali ambapo nchi inaendeshwa. Inasimuliwa kwamba baadaye alisema aliingia chumbani humo asivikute hivyo vitufe. Iwe alisema hivyo hasa au la, usemi huo unaeleza vizuri hali ya chama kidogo ndani ya serikali ya chama kikubwa.

Nani alilipa?

Oktoba 1966 ndoto ya Nenni ya kuungana na Saragat ilitimia, na vyama vyao viwili vikawa kimoja. Mwaka 1963 vilikuwa vimepata karibu asilimia 20 kwa kujumlisha kura zao. Mwaka 1968, vikiwa pamoja, vilipata asilimia 14.5, na Julai 1969 vikatengana tena. Nenni, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wakati huo, alijiuzulu. Huo ulikuwa mgawanyiko wa tatu wa chama chini ya macho yake tangu vita viishe.

Tukiweka takwimu kando kwa kando, picha ni ya kusikitisha. Mwaka 1946 Wasoshalisti walikuwa na asilimia 20.7 na Wakomunisti 18.9. Mwaka 1976 Wasoshalisti walikuwa na asilimia 9.6 na Wakomunisti 34.4. Mtu aliyeutafuta umoja kwa miaka hamsini aliacha chama kilichopungua zaidi ya nusu. Yeye mwenyewe heshima yake ilizidi kupanda: Novemba 1970 Saragat, hasimu wake wa zamani aliyekuwa sasa Rais wa Jamhuri, alimteua kuwa seneta wa maisha. Kiongozi alivuka kila daraja, na kila mara baadhi ya wenzake walibaki ng'ambo.

Hata hivyo, itakuwa si haki kupima kazi yake kwa asilimia za kura peke yake. Jamhuri ilibaki. Umeme, shule ya wote na, mwaka 1970, sheria ya kulinda haki za wafanyakazi iliyoanzishwa na waziri Msoshalisti Giacomo Brodolini, vilibaki. Wakati Kanisa na Demokrasia ya Kikristo walipotaka kura ya maoni ya kuifuta sheria ya talaka, Nenni alishiriki kampeni ya kuitetea akiwa na miaka 83. Tarehe 12 Mei 1974 asilimia 59 ya wapiga kura waliibakisha. Na jambo ambalo haliwezi kuandikwa katika jedwali ni hili: 1922 haikurudi.

Hitimisho

Katika insha hii nimejaribu kuonyesha kwamba Nenni hakuwa kigeugeu. Washirika wake walibadilika, lakini adui aliyemkimbia alibaki yuleyule. Mwaka 1934 hofu yake ilikuwa sahihi, na mwaka 1946 iliipatia Italia jamhuri. Mwaka 1948 ilimfanya aione hatari pasipokuwepo, na asiione ile iliyokuwa karibu naye, yaani mfumo wa Stalin. Mwaka 1964 ilimfanya asikie mapema kitu ambacho wengine walikisikia miaka mitatu baadaye, lakini pia ilimfanya akubali bei kubwa.

Je, angeweza kufanya vingine? Baadhi ya wahadhiri hutufundisha kumpima mwanasiasa kwa mambo aliyoyapata, na wengine kwa mambo aliyoyazuia. Kipimo cha kwanza kinampa Nenni alama za wastani. Cha pili ni kigumu, kwa sababu jambo lililozuiwa haliachi ushahidi, na De Lorenzo hakuwahi kutoka kambini. Mimi naegemea cha pili, kwa tahadhari moja inayotokana na mwaka 1948: anayesema anazuia balaa ni lazima aulizwe kila mara ameiona wapi, na nani atakayelipia ulinzi huo. Wasoshalisti wa Italia hawakumuuliza Nenni swali hilo kwa sauti ya kutosha, na wale waliomuuliza wengi walikuwa tayari wamesimama mlangoni wakiondoka.